Safari ya Houston na Mama Mkwe

Wakati mke wangu alipokuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, yeye aliishi Alief, Houston, na mimi niliishi Grand Prairie, katikati ya Dallas na Fort Worth. Hatukuwa tumegombana. Yeye ni muuguzi, na hospitali iliyomleta Marekani ilimleta kwa mkataba uliomtaka amalize muda wake palepale Houston. Mimi nilikuwa fundi wa mashine za hospitali kwenye kampuni moja ya upande wa Fort Worth, na kampuni hiyo ndiyo iliyokuwa imeniombea ukaazi. Nikiacha kazi, ombi linakufa. Yeye akivunja mkataba, kibali chake kinaingia mashakani. Basi kila mmoja alikaa mjini kwake kama mtu aliyefungiwa mlango kwa nje, na tulionana mwisho wa wiki tu.

Kwa ndege, Dallas na Houston ni saa moja, tena haifiki. Kwa gari ni kama saa nne, Mungu akipenda. Mgeni akisikia hivyo anachagua ndege bila kufikiri, na mimi mwanzoni nilichagua ndege. Lakini lazima kwanza nitoke Grand Prairie hadi uwanjani, nitafute pa kuegesha gari, nipange foleni ya kuvua viatu na mkanda, nikae kusubiri. Nikishapanda, soda haijaisha mkononi tunaambiwa tufunge mikanda, tunashuka. Na uwanja wa Houston uko kaskazini kabisa, Alief iko kusini magharibi, kwa hiyo nalazimika kuuvuka mji mzima wakati watu wote wanatoka kazini. Nikihesabu mlango kwa mlango, ndege na gari vilifika karibu sawasawa. Ndege ilikuwa ya haraka kwa mtu anayeishi uwanja wa ndege.

Nikahamia kwenye gari. Kila Ijumaa mchana nilitoka kazini na kuelekea kusini: Ennis, Corsicana, Buffalo, Madisonville, Huntsville, kisha ile foleni ya kuingia Houston ambayo haina mwanzo wala mwisho. Nilifika nimechoka hata kuongea. Jumamosi ilikuwa yetu. Jumapili, padri akiwa bado madhabahuni, mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaza barabara ya kurudi. Mke wangu alilijua hilo bila kuambiwa. Alikuwa ananiminya mkono kidogo, ananirudisha kanisani.

Mimba ilipokaribia miezi ya mwisho, mama yake alipata viza ya kuja kumtunza. Tulifurahi sana, na mimi pia nilifurahi, ila furaha yangu ilikuwa na wasiwasi ndani yake. Upande wa mke wangu ni Wajaluo wa Rorya, mkoani Mara, na kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani. Hawashikani mikono. Hawali meza moja. Hawalali chini ya paa moja. Hawatazamani usoni, na wakiwa na jambo la kuambiana wanampitishia mtu wa katikati. Mimi ni mtu wa Morogoro. Kwetu mama mkwe ni mama, unamwamkia, unakula kwake, mambo yanaisha. Lakini nilipooa nilikubali kufuata ya kwao, na yule mama nilikuwa nimemwona mara chache tu, kwenye mahari na kwenye harusi, akiwa amekaa mbali na khanga imeshuka hadi kwenye nyusi.

Mpango wetu ulikuwa mzuri. Mama angetua Dallas, mimi nimpokee, nimwamkie kwa mbali, nimwongoze hadi kwenye foleni ya ndege ya Houston, basi. Kule angepokewa na jirani yetu wa Alief, dada mmoja Mkenya aliyekuwa kama ndugu yetu. Mimi na mama mkwe tungekuwa pamoja kwa muda wa kutembea kutoka mlango mmoja hadi mwingine.

Siku hiyo asubuhi, nikiwa njiani kwenda uwanjani, yule dada alinipigia. Mke wangu alikuwa ameamka na kichwa kinamuuma na macho yanaona ukungu. Alimpeleka hospitali, wakampima presha, wakakataa kumrudisha nyumbani.

"Wamem-admit," aliniambia. "Yuko sawa, anaongea. Lakini mama yake afike haraka."

Mama alitoka kwenye ule mlango wa abiria akiwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu, anasukumwa na kijana wa uwanjani, ingawa miguu yake ni mizima kuliko yangu. Uwanjani huwa wanawakalisha wazee wasiojua Kiingereza ili wasipotee. Aliona aibu. Alishuka haraka, akajitanda khanga, akaanza kushika sanduku lake mwenyewe.

"Shikamoo, mama," nilisema, nikiwa nimesimama mbali na nikiangalia sanduku.

"Marahaba, mkwe wangu. Mwanangu hajambo?"

Nilimwambia kwamba yuko hospitali kwa ajili ya presha na anaangaliwa vizuri. Nilikuwa nimemnunulia laini ya simu ya huku na kuiweka kwenye simu ndogo. Sikumpa mkononi. Niliiweka juu ya sanduku, naye akaichukua hapo.

Tulipofika kwenye ubao wa ndege, Houston ilikuwa imejaa maandishi mekundu. Kulikuwa na dhoruba ya radi huko chini, hakuna kinachotua. Tulikaa kusubiri, mimi safu hii ya viti, yeye safu ile. Ndege yake ilisogezwa mbele, ikasogezwa tena, kisha ikafutwa kabisa. Dada wa kaunta alisema labda jioni, labda kesho, hawezi kuahidi.

Nilitoka pembeni nikampigia mama mmoja Mrundi wa Haltom City tunayesali naye, nikamwomba atusindikize kwa gari, ili mama awe na mwanamke wa kukaa naye. Alikuwa kazini hotelini na hakukuwa na wa kumshikia zamu. Nikampigia mke wangu.

"Mlete," alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Mweke kiti cha nyuma. Mtafika."

Ndivyo tulivyoondoka Dallas. Mama alikaa nyuma, upande wa abiria, na mfuko wake wa unga wa ulezi magotini. Kabla ya kuwasha gari nilikigeuza kile kioo cha ndani kikatazama juu, ili macho yetu yasikutane, nikawa naendesha kwa vioo vya pembeni tu. Nilimwekea chupa ya maji na mkate wenye kuku kwenye kiti kilicho karibu naye. Maji alikunywa. Mkate haukuguswa, kwa sababu asingeweza kula mbele yangu, na mimi nilikuwa mbele yake muda wote.

Ennis nilimuuliza kama angependa tusimame anyooshe miguu. Alisema yuko salama. Corsicana nikauliza tena, nikisema kuna kituo kikubwa cha mafuta na ni kisafi. Akasema tusimcheleweshe mgonjwa. Sikujua namna ya kuuliza mara ya tatu bila kuonekana namsimanga. Nikaendelea. Nyuma palikuwa kimya kiasi kwamba kuna wakati nilidhani amelala, halafu namsikia anahesabu rozari kwa sauti ya chini.

Tulipita Buffalo. Barabara ilikuwa kavu, mawingu meusi yamesimama mbele yetu upande wa kusini, na nilikuwa nimeanza kupiga hesabu kwamba tutafika hospitali jua likiwa bado juu. Kisha nikaona taa nyekundu za nyuma za magari, kwanza chache, kisha zote. Tukapunguza mwendo, tukatambaa, tukasimama.

Sehemu hiyo walikuwa wanajenga. Kushoto kulikuwa na ukuta wa zege uliotenganisha pande mbili za barabara. Kulia kulikuwa na mtaro, na baada ya mtaro waya wa shamba la ng'ombe. Njia ya kutoka ya karibu tulikuwa tumeshaipita na ya mbele haikuonekana. Nyuma yetu malori yalijipanga, moja baada ya jingine, hadi kwenye kilima. Dereva wa lori lililokuwa pembeni yetu alishuka, akaenda kutazama, akarudi. Alituambia watu wa magari ya jirani kwamba kuna trela limelala kifudifudi huko mbele, lilikuwa limebeba mabomba ya chuma, na mabomba yametapakaa njia zote. Dereva wake mzima. Lakini kuyaondoa, alisema, zima injini ndugu yangu, utaunguza mafuta bure.

Nilizima injini. Joto likaingia. Tukafungua madirisha, na muda si mrefu ile mvua tuliyoiona kwa mbali ikatufikia, tukafunga. Vioo vikawa na ukungu. Ndani ya gari mlikuwa na harufu ya kuku, ya unga wa ulezi, na ya watu wawili wanaojitahidi kutopumua kwa sauti.

Simu yangu ikalia meseji. Ilikuwa ya shirika la ndege. Hali ya hewa ya Houston imetulia, abiria wetu ana nafasi kwenye ndege ya alasiri, afike mlangoni mapema. Niliisoma mara kadhaa. Hata kama ningepata mabawa hapo hapo, nisingemrudisha Dallas kwa wakati. Baadaye kidogo niliona ndege ikipita juu, chini ya mawingu, inakwenda kusini, na sikutaka kuifuata kwa macho.

Yule dada Mkenya alipiga tena. Presha ilikuwa imekataa kushuka na madaktari walikuwa wamekubaliana wamtoe mtoto kwa upasuaji mchana huohuo, hawatasubiri.

Hilo sikuweza kumpitishia mtu wa katikati. Mtu wa katikati alikuwa ndiye mgonjwa. Niliangalia usukani nikasema, "Mama, wameamua kumfanyia upasuaji. Wanasema ni kwa usalama wake na wa mtoto."

"Leo?"

"Leo, mama. Muda si mrefu."

"Sawa, mkwe," alisema, na rozari ikaendelea.

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua, nikaenda hadi kwenye ukuta wa zege, nikarudi. Hakukuwa na pa kwenda. Upande wa pili wa ukuta magari yanayorudi Dallas yalikuwa yanakimbia bila shida, maji yanaruka, na mimi nilikuwa nayaona kama watu wa nchi nyingine. Niliwaza kuacha gari na kutembea. Kutembea hadi wapi? Na mama nimwache na nani? Nilirudi kukaa.

Hapo nikasikia anaongea na simu kwa Kijaluo, taratibu sana, amejifunika khanga hadi mdomoni. Kijaluo sikijui zaidi ya salamu. Aliongea kidogo, akanyamaza, akaongea tena, akakata. Baada ya muda mfupi simu yangu ikatikisika. Ilikuwa meseji ya mke wangu.

"Mama anataka msalani. Amebanwa tangu Dallas. Usimwambie nimekuambia."

Mke wangu alikuwa kitandani, mkono umefungwa mpira wa presha, wanamwandaa kupasuliwa, na alikuwa ananiandikia hayo. Maneno yalikuwa yametoka kiti cha nyuma, yakaenda hadi Houston, yakarudi kunifikia mimi kiti cha mbele. Sikucheka.

Nilitazama mtaro uliojaa maji. Nilitazama nyasi, wanaume wamesimama kando ya malori. Mwanamke wa umri wake, mbele ya mkwe wake na mbele ya barabara nzima, asingeweza, na mimi nisingethubutu kumwambia. Nilishuka nikasema nakwenda kuangalia kama njia imefunguliwa, nikaanza kutembea katikati ya magari, nachungulia. Mbele, karibu na bango la ujenzi, niliona moja ya yale magari makubwa yenye kitanda, jiko na choo ndani, ambayo wazee wa huku hutembea nayo wakistaafu. Niligonga mlango. Akafungua mwanamke wa Kizungu mwenye nywele nyeupe, amevaa sandali za plastiki. Nilimweleza kwamba nina mama wa mke wangu kwenye gari, ametoka safarini Afrika, anahitaji choo, na kwamba kwa mila zao hawezi kuniambia mimi, kwa hiyo tafadhali asimwambie kwamba mimi ndiye niliyemwomba. Nilipomaliza kusema nilijiona mwendawazimu.

Yule bibi hakuuliza kitu. Alichukua mwavuli, akamwambia mume wake aweke maji jikoni, akanifuata. Tulipokaribia gari letu mimi nilibaki nyuma makusudi. Aliufungua mlango wa gari letu, akainama, akatabasamu, akanyoosha mkono. Mama alimtazama, akanitafuta kwa jicho la pembeni. Mimi nilikuwa nimeugeukia mtaro, naangalia ng'ombe. Nilisikia mlango unafungwa, na nilipogeuka walikuwa wanakwenda chini ya mwavuli mmoja, wameshikana mikono, polepole.

Alikaa huko muda mrefu. Nilianza kuingiwa na hofu, nikajongea, na kupitia dirisha la lile gari nikawaona wamekaa mezani wanawake wawili. Mama alikuwa anakula. Alikuwa na sahani ya mayai na mkate, anakula kwa utulivu, na yule bibi amekaa mbele yake anazungumza kwa Kiingereza, na mama anamjibu kwa Kiswahili. Mume amesimama jikoni anakaanga mayai mengine. Nilirudi haraka kwenye gari kabla hawajaniona.

Aliporudi mvua ilikuwa imepungua. Alipanda, akajiweka sawa, akashusha pumzi. Nikategemea kimya kama kile cha mwanzo.

"Mkwe," alisema.

"Naam, mama."

"Hii ndiyo njia unayopita kila wiki?"

"Ndiyo, mama. Ila si kila mara inafungwa hivi."

"Na ukifika, unakaa siku ngapi?"

"Jumamosi, na Jumapili mpaka mchana. Halafu narudi."

"Kule nyumbani wanasema mwanangu ameachika."

Nilishika usukani wa gari lisilokwenda. Nilimuuliza ni nani wanaosema hivyo.

"Baba zake wadogo. Na wajomba. Walimuuliza, mume wako yuko mbali kiasi gani? Akawaambia ni saa moja kwa ndege. Wakasema, mtu aliye umbali wa saa moja, na mke wake ni mjamzito, na harudi kulala kwake, huyo ameshaondoka siku nyingi." Akamalizia bila kupandisha sauti. "Wamenituma nimchukue. Yeye na mtoto. Akishapata nguvu, nirudi nao."

Nilijaribu kukasirika nikashindwa. Hasira inahitaji nafasi, na mle ndani hapakuwa na nafasi. Nilimweleza, nikiangalia kioo chenye ukungu, habari ya kampuni na ombi la ukaazi, habari ya mkataba wa hospitali, kwa nini mimi siwezi kuhama na yeye hawezi kuhama. Nilieleza vibaya. Kwa Kiswahili mambo yale yalisikika kama visingizio, na nilipoyarudia yalizidi kusikika hivyo.

"Kwa hiyo wewe huwezi kutoka," alisema.

"Kwa sasa siwezi, mama."

"Na yeye hawezi."

"Mpaka mkataba uishe."

"Na hapa pia hatuwezi kwenda mbele wala kurudi."

"Ndiyo, mama."

Sikujua amesimama upande gani. Nilikaa pale nikijua kwamba mwanamke aliyeko nyuma yangu ametumwa kuichukua familia yangu, na kwamba ninampeleka mimi mwenyewe, kwa gari langu, kwa mafuta yangu, na kwamba ninaomba barabara ifunguke ili tufike upesi.

Simu ililia. Ilikuwa namba ya mke wangu, lakini sauti ilikuwa ya yule dada Mkenya. Walikuwa wamemruhusu kuingia naye chumba cha upasuaji kwa kuwa mimi sikuwepo. Alinong'ona kwamba wameshaanza, niweke spika, ninyamaze. Niliiweka simu katikati ya viti viwili vya mbele. Tukasikia vyuma, tukasikia watu wanaongea kwa Kiingereza kwa sauti za kazi, za kawaida kabisa. Nikamsikia mke wangu akiuliza jambo na akijibiwa. Mama alisogea mbele. Kichwa chake kilikuja karibu na bega langu, karibu kuliko mila inavyoruhusu, na mimi sikusogea.

Kisha mtoto akalia. Kilio kilikuwa kikavu na kifupi, kikakatika, halafu kikaja kikubwa.

"Msichana," alisema yule dada. "Na mama yake yuko sawa. Mko wapi?"

Nikasema tuko palepale.

Mama alirudi nyuma kwenye kiti. Nilitegemea vigelegele, lakini alianza kulia, na mimi pia nilikuwa nalia, kila mtu ameelekea dirisha lake. Baada ya muda kitu chepesi kiliangukia kiti cha abiria kilicho pembeni yangu. Ilikuwa khanga yake ya pili, imekunjwa. Nilijifuta uso.

Njia ilipofunguliwa hatukukimbia, maana magari yalikuwa yanapita moja moja kando ya yale mabomba. Trela lilikuwa bado limelala pale, magurudumu yametazama juu. Kuingia Houston kulikuwa na foleni nyingine, ya kawaida. Tulifika hospitali magharibi imeshaingia. Mama alitangulia chumbani. Mimi nilibaki kwenye korido, mgongo ukutani, nasikia sauti zao kwa Kijaluo na zile kelele ndogo za mtoto, na sikuweza kuingia kwa sababu yeye alikuwa ndani. Nilikuwa nimetoka Dallas nikafika hatua chache kutoka kwa mwanangu, na nikasimama tena. Hatimaye akatoka, akapita mbele yangu ameinamisha kichwa.

"Ingia, mkwe," alisema. "Anakungoja."

Mama alikaa Alief miezi mitatu. Nyumba yetu ilikuwa ya chumba kimoja na sebule, na kwa kuwa mimi naye hatuwezi kulala chini ya paa moja, nilikuwa naendesha gari kwa saa nne kila Ijumaa ili nikalale kwenye kochi la jirani. Mchana yeye alikwenda kukaa kwa yule dada, nami nikawa na mke wangu na mtoto. Jioni tukabadilishana. Mke wangu aliniambia anajiona kama uwanja wa ndege, sisi ndio abiria. Kuhusu kuondoka na binti yake mama hakusema kitu, na mimi nilikuwa naogopa kumuuliza. Kila Jumapili nilipoaga nilitazama masanduku yaliyo juu ya kabati, kama yameshushwa.

Jumamosi moja wazee walipiga simu kutoka Rorya. Mama aliipokea jikoni. Mimi nilikuwa nje kwenye ngazi nimempakata mtoto, na mke wangu akaja kukaa pembeni yangu, mlango uko wazi kidogo. Mazungumzo yalikuwa marefu. Nilisikia "Dallas" na "Houston" zikipita katikati ya Kijaluo, na nilisikia sauti ya mama ikipanda mara moja tu, ikashuka.

"Anasema nini?" nilimuuliza mke wangu.

"Anawaambia ile saa moja ni ya ndege, si ya mtu."

Mengine hakunitafsiria, na hadi leo sijui kama mama alinitetea au alisema tu kwamba mambo bado. Ninachojua ni kwamba aliondoka peke yake. Siku ya kuondoka aliniachia agizo kupitia kwa mwanawe: tutafute mji mmoja, wowote ule, na tusimngoje mtoto aanze kuuliza.

Mtoto tulimngojesha. Hakukuwa na njia nyingine. Barabara ile niliipita mwaka mzima na zaidi, mvua na jua, hadi mkataba wa mke wangu ulipoisha na akapata kazi upande wetu. Binti yetu alikuwa ameshaanza kukimbia walipohamia Grand Prairie. Wiki ya kwanza nilikuwa natoka kazini kila jioni nawakuta wapo, na nilizunguka nyumba kama mtu aliyeruhusiwa ghafla na hajui aanzie wapi. Jumapili tulirudi kutoka kanisani, tukala wali, mke wangu akajinyoosha kwenye kochi. Mtoto akaenda mlangoni. Akarudi amebeba viatu vyangu, kimoja kila mkono, akaviweka miguuni pangu, kisha akasimama akinipungia.

Mke wangu alitaka kumweleza. Nilimwambia amwache. Nilivaa viatu, nikambeba, nikamzungusha uani hadi kwenye uzio na kurudi, nikavivua mlangoni mbele yake.

Jumapili iliyofuata aliniletea tena.